Sakinisha, ondoa na futa kabisa

Sakinisha ni kauli ya kutendesha ya kitenzi sakini, yaani kukaa mahali na kufanya makazi. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliozaa pia neno maskani. Kusakinisha programu, basi, ni kuipa makazi katika kompyuta. Kifurushi hapa si kile cha dakika za simu, bali ni fungu la faili za programu pamoja na orodha ya vifurushi vingine ambavyo programu hiyo huvitegemea.

Katika mifumo ya Debian na Ubuntu, anayetumia mstari wa amri husakinisha kwa kuandika sudo apt install, kisha jina la kifurushi. Kuondoa kuna amri mbili. Amri apt remove huiondoa programu lakini huziacha faili za mipangilio ya mfumo. Apt purge huziondoa na hizo pia. Faili zilizomo katika folda binafsi ya mtumiaji haziguswi na amri yoyote kati ya hizo.

Kwa hiyo remove ifasiriwe ondoa, na purge ifasiriwe futa kabisa. Mfasiri akiandika futa kwa zote mbili, msomaji aliyetaka kuisakinisha upya programu anaweza kuchagua amri isiyofaa na kupoteza mipangilio aliyoiandaa kwa siku nyingi.

Mfano: Ondoa kifurushi hiki, kisha ukisakinishe upya, mipangilio itabaki.