Kamba ya Polithini

Kwenye gereji ya jua kali kando ya barabara ya Kakamega–Kisumu, hapa Sigalagala, fundi aliniita nitazame winchi ya Land Cruiser iliyokuwa imetoka matopeni usiku uliotangulia. "Mwalimu, hii nailoni imepatwa na nini?" Mizunguko ya juu ya kamba ilikuwa laini kama nywele zilizosukwa. Ile ya chini kabisa, inayolalia chuma, ilikuwa imeshikana, inang'aa, ngumu kama nta iliyopoa. Hakuna aliyeisogezea moto. Nikamwambia kosa lilianza kwa jina alilolitaja.

Kiswahili kimezoea kuiita kamba kwa kitu ilichotengenezwa nacho: kamba ya usumba, kamba ya mkonge, kamba ya kindu. Huku kwetu kamba ya mgomba inafahamika na kila aliyewahi kufunga mzigo wa nyasi au kuni, na mtoto anayeijua hafundishwi tena kwamba huloweshwa kwanza, kwa sababu ikikauka sana hukatika mkononi. Anayesema mkonge anajua hapo hapo kwamba unyevunyevu huuozesha. Jina la kamba limebeba utunzaji wake tangu zamani.

Halafu ikaja kamba hii mpya ya winchi, na jina likapotea njia. Wapo wanaoiita kamba bandia, wakiwa na maana kwamba haitokani na mmea wala mnyama. Lakini ingia duka lolote la vipuri Kakamega mjini uitishe kamba bandia. Mwenye duka atadhani umekuja kumshtaki. Kwa Mkenya wa leo bandia ni mali ghushi, na neno hilo halitarudi nyuma kwa ajili yetu. Kamba ya sintetiki ni jina sahihi na halina ubaya, ila ni pana mno: nailoni ni sintetiki, poliesta ni sintetiki, na hata kamba ya manjano ya kuanikia nguo ni sintetiki. Halimwambii fundi afanye nini.

Nailoni ndilo jina linaloumiza watu. Nailoni hunyumbuka, na mikanda ya kunasulia magari hutengenezwa nayo kwa sababu hiyo. Gari linalovuta hupata mwendo kidogo, mkanda unarefuka, kisha unalikwamua lililonasa bila kulishtua. Kamba ya winchi hairefuki hivyo hata kidogo. Mtu akiiamini kuwa nailoni, akaifunga kati ya magari mawili na kukanyaga mafuta, mshtuko wote hufika papo hapo kwenye ndoano na boliti. Ndoano iking'oka, huruka kama jiwe la teo. Ni kweli kamba hii hukatika kwa upole kuliko waya wa chuma, kwa kuwa ni nyepesi na haihifadhi nishati nyingi, lakini wepesi huo haumlindi mtu na chuma kilichofungwa mwishoni mwake. Ndiyo maana ninalipinga jina hili kwa nguvu zangu zote.

Kwa hakika ni polithini, jamaa wa juala lililopigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017. Tofauti iko kwenye mpangilio. Molekuli zake ni ndefu kupita kiasi, na mwishoni mwa miaka ya 1970 wanakemia wa kampuni ya DSM, Uholanzi, walipata njia ya kuzinyoosha zote zielekee upande mmoja kama mabua ya miwa kwenye trela. Uzi huo huuzwa kwa jina la Dyneema. Kamba yake ya milimita 10 inaweza kuhimili takriban tani 8, na ukilinganisha na waya wenye nguvu hiyo hiyo, uzito wake ni kama sehemu moja ya saba. Dereva anaweza kuibeba begani akipanda ukingo wa mto.

Ila juala ukilisogeza karibu na jiko hujikunja. Kamba hii nayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 150 hivi, ilhali nailoni hupita 200, na nguvu zake huanza kupungua mapema zaidi, yapata nyuzi 70. Winchi nyingi za umeme zina breki ndani ya ngoma, yaani kile chuma kinachozungushiwa kamba. Dereva wa Land Cruiser ile alikuwa ameliteremsha gari kwenye mteremko mrefu kwa winchi. Breki ilisuguana njia nzima, ngoma ikapata moto, na mizunguko iliyoigusa ikapikwa.

Ukishalijua jina, mengine hufuata yenyewe. Udongo wetu mwekundu huacha chembe ndani ya msuko, na kila mvuto huzisugua kwenye nyuzi. Basi kamba ioshwe kwa maji safi, ikaushwe kivulini. Jua la huku, ikweta ikiwa pale Maseno, huipausha taratibu, kwa hiyo ifunikwe. Mdomo wa winchi uliowahi kupitisha waya una mikwaruzo inayokata kama wembe, ubadilishwe au ulainishwe. Manyoya madogo juu ya kamba hayatishi. Na isipigwe fundo: fundo huila karibu nusu ya nguvu. Iliyokatika huungwa kwa kupenyeza mkia wake ndani ya msuko wake yenyewe, kazi ambayo mtu ajuaye kusuka nywele huielewa akionyeshwa mara moja.

Fundi aliniuliza atazitofautishaje akiletewa kamba asiyoijua. Nikamwomba ndoo ya maji. Alikata kipande cha mwisho ule ulioungua, na kingine kwenye mkanda mzee wa nailoni uliokuwa ukining'inia ukutani, akavitia vyote viwili na kuvikandamiza kwa kidole hadi vikalowa. Alipoondoa mkono, cha winchi kilipanda juu kikaelea. Cha mkanda kilibaki chini, na fundi akachukua kalamu, akafuta neno kwenye kitabu chake cha kazi.