Robo Tatu Zilizopitia Voi

Ukiomba robo katika soko la Voi leo, utapimiwa robo kilo ya sukari au ya nyama. Hakuna atakayetia mkono mfukoni kutafuta sarafu. Lakini robo ya pesa ilikuwapo, tena si mara moja. Ilitoka chini ya rupia, ikarudi chini ya florini, ikafufuka chini ya shilingi ya Kenya, na kila mara ikatoweka. Mkusanyaji wa sarafu wa Taita Taveta akiniuliza aanzie wapi, nitamwambia aanze na hiyo.

Pesa ya kwanza kufika huku kwa wingi ilikuja na reli. Mwaka 1898, simba wa Tsavo walipokuwa wakiwanyakua wajenzi wa daraja, mishahara ilihesabiwa kwa rupia za India zenye sura ya Malkia Victoria. Miaka kumi kabla, mwaka 1888, kampuni ya Waingereza iliyokuwa na makao Mombasa ilikuwa imetoa sarafu zake zenye mizani, lakini rupia ya India ndiyo iliyotawala.

Robo ya kwanza ilitoka mwaka 1906, rupia ilipogawanywa senti mia. Senti 25 ilikuwa ya fedha: upande mmoja Mfalme Edward wa Saba, upande wa pili simba amesimama, milima nyuma yake. Wenzake wadogo walikuwa na bahati mbaya. Senti moja na nusu senti zilitengenezwa kwa alumini, jambo geni kabisa katika dola ya Waingereza wakati huo, na joto na unyevu wa huku vikazila. Kufikia 1909 alumini ilikuwa imeachwa.

Kisha vita. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914 na kuishikilia hadi Machi 1916. Ng'ambo ya mpaka rupia yao iligawanywa heller mia, na walipozibiwa njia za bahari waligeuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Mwaka 1916 wakatoa humo sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye ndovu aliyesimama mbele ya Kilimanjaro, mlima uleule ambao mtu wa Taveta huuona akifungua dirisha asubuhi. Kwangu hiyo ndiyo sarafu nzuri kuliko zote zilizowahi kutengenezwa Afrika Mashariki, na inaniuma kidogo kwamba ilitengenezwa na watu waliokuwa wakishindwa vita.

Baada ya vita thamani ya rupia ilipanda mno. Mwaka 1920 serikali ikaleta florini, na pamoja nayo robo ya pili, senti 25 ya mwaka huohuo. Florini haikudumu hata miaka miwili. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoingia, ilikuja na senti 1, 5, 10 na 50, bila robo. Robo pekee ilikuwa imejificha ndani ya shilingi yenyewe: hadi 1946, fedha halisi iliyokuwamo ilikuwa robo tu ya uzito wake.

Hapa ndipo wakusanyaji wasio na hela nyingi hunufaika. Senti zenye tundu katikati, lililozungukwa na pembe za ndovu, zilitolewa kwa wingi sana. Tundu lilimwezesha mtu kuzitunga kwenye uzi, lakini pia liliondoa nafasi ya sura ya mfalme. Jina lake tu liliandikwa pembeni. Ndiyo sababu mwaka 1936 ndururu, yaani senti tano, na senti kumi za Afrika Mashariki zilitoka zikiwa na jina la Edward wa Nane, aliyejiuzulu Desemba mwaka huo kabla hata ya kutawazwa. Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuwahi kuingia sokoni. Huku zilinunua chumvi. Ukiendelea kusoma maandishi hayo utaona pia jinsi cheo cha Kaizari wa India kilivyoondolewa baada ya uhuru wa nchi hiyo mwaka 1947, na jinsi sarafu za 1964 zilivyobaki bila mfalme yeyote.

Robo ya tatu ilikuja na shilingi ya Kenya mwaka 1966. Ilikuwa ndogo kidogo kuliko sumni, yaani senti hamsini, nyeupe, yenye sura ya Mzee Kenyatta, na nyuma yake nembo ya taifa: simba wawili, ngao, na jogoo aliyeshika shoka. Sarafu za mwanzo zilikuwa na sura bila maneno. Mwaka 1969 yakaongezwa maandishi ya kumtaja Mzee kuwa Rais wa kwanza. Baada ya mwaka huo robo haikutengenezwa tena kwa matumizi ya kila siku. Rais Moi alipoweka sura yake mwaka 1980 hakuikuta.

Marekani nao wana robo yao ya dola, yenye sura ya George Washington tangu 1932. Kati ya 1999 na 2008 waliitolea sura mpya ya nyuma kwa kila jimbo kati ya majimbo 50, na watoto wakawa wanakagua chenji dukani. Sisi tulikwenda njia nyingine. Kenyatta alirudi kwenye sarafu mwaka 2005, kisha Katiba ya 2010 ikakataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa, na Desemba 2018 wakaja wanyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Mtu wa Voi, anayelala akisikia ndovu wakivunja uzio wa shamba, ana sababu zake za kutofurahishwa na chaguo hilo la mwisho.

Sarafu za zamani ziko bado, kwenye makopo na masanduku ya kina nyanya huko Sagalla, Wundanyi na Mwatate. Ukipata robo, usiisugue kwa majivu wala ndimu. Weusi unaouona juu yake ni ngozi ya sarafu iliyozeeka, na mnunuzi anayejua kazi yake akiona mikwaruzo ya steelwool ataipunguza bei palepale. Ioshe kwa maji safi, iache ikauke, kisha isome mwaka.