Kuung na Kiing

Ukitaka kulinganisha lugha mbili zisizo na undugu, si lazima uende mbali hadi Kikorea na Kigiriki. Simama mnadani Katesh, chini ya Mlima Hanang. Muuza mahindi anaongea Kiiraqw, lugha ya Kikushi. Mwenye ng'ombe anaongea Kidatooga, lugha ya Kiniloti iliyo karibu na Kikalenjin cha Kenya. Bei wanapatana kwa Kiswahili, lugha ya Kibantu. Ukishuka Yaeda Chini, Mbulu, utawasikia Wahadzabe, ambao lugha yao haijapatiwa ndugu hata mmoja.

Kiiraqw kina jambo ambalo Kiswahili hakina. Mwanamume huambiwa kuung, mwanamke huambiwa kiing. Sisi husema "wewe" tu. Waarabu nao hutenganisha: anta na anti. Hiyo si bahati, kwa kuwa Kikushi na Kiarabu ni matawi ya ukoo mmoja. Hata "mimi" ya Kiiraqw ni aning, na Msomali husema aniga.

Joseph Greenberg, katika kitabu chake cha 1963, alipanga lugha za Afrika kwa kulinganisha maneno. Majirani hawakungoja kitabu. Wairaqw waliwaita Wambulu, kwa jina la mahali. Wadatooga waliwaita Wamang'ati, neno la Kimaasai lenye maana ya maadui, na hadi leo lipo midomoni. Mtoto anayeitwa adui hujifunza mapema kuificha lugha ya mama yake. Basi kabla ya kulinganisha maneno, tuanze na swali dogo: ninyi wenyewe mnajiitaje?