Nyuso Tano

Nilipoanza utafiti wangu wa shahada ya uzamili niliingia darasa la pili na karatasi yenye nyuso tano. Wa kwanza umenuna, wa mwisho unacheka meno yote nje. Kila mtoto, akishamaliza kucheza na programu yangu ya kujumlisha, aweke alama kwenye uso unaofanana na alivyojisikia. Karibu wote waliuchagua ule wa meno, akiwemo binti mmoja ambaye programu ilimgandia mara mbili na nusura alie. Nikamuuliza kwa nini.

“Ili usikasirike, madamu.”

Kipimo hicho si changu. Kilibuniwa Uingereza na Janet Read na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wao wenyewe waliona kwamba watoto wadogo huukimbilia uso wa furaha kubwa kuliko zote. Sambamba nacho walikuwa na swali lingine: ungependa kucheza tena?

Swali hilo lilinipeleka Tanga. Mwaka 2014 lilitangazwa shindano la Global Learning XPRIZE, zawadi zake dola milioni 15. Sharti lilikuwa gumu kweli: programu imfundishe mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Tangu mwishoni mwa 2017, kwa miezi 15, programu tano zilizofika fainali zilijaribiwa kwa Kiswahili na karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga. Vishikwambi vilitolewa na Google, na vilichajiwa kwa umeme wa jua.

Mwalimu ana sauti, ana daftari la mahudhurio na, tusidanganyane, ana fimbo. Kishikwambi hakina hata kimoja. Mtoto akichoka anakiweka chini na kwenda zake, wala hakuna wa kumwita. Sisi tunaosoma fani hii tumezoea kuiongelea furaha kama rangi ya kupaka mwishoni, somo likishakamilika. Kule Tanga furaha ndiyo iliyokaa kwenye kiti cha mwalimu.

Tarehe 15 Mei 2019, mjini Los Angeles, washindi walitangazwa kuwa wawili, wakagawana dola milioni 10. Mmoja ni onebillion ya Uingereza, ambayo tayari ilikuwa imefanya kazi na watoto wa Malawi kwa Kichewa. Mwingine ni Kitkit School, iliyotengenezwa na kampuni ya Sooinn Lee na mumewe Gunho Lee. Sooinn alikuwa mbunifu wa michezo ya kompyuta Korea Kusini. Wawili hao waliingia kwenye programu za elimu baada ya kupata mtoto mwenye mahitaji maalumu. Mimi sishangai. Anayebuni kwa ajili ya mtoto anayekwama mapema hujifunza kutomlaumu mtoto.

Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto wale hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Nilifurahi, kisha nikaisoma sentensi ile upande wa pili: kwenye kila watoto mia, zaidi ya arobaini walikuwa bado hapo walipoanzia. Hata hivyo nakiamini kipimo chao kuliko changu, maana mtoto anaweza kunichorea tabasamu kwa adabu, lakini hawezi kulisoma neno kwa adabu.

Karatasi ya nyuso nimeiweka kabatini. Siku hizi, wakati wa mapumziko, naviacha vishikwambi juu ya mkeka, naenda kukaa mbali chini ya mwarobaini na kuhesabu wanaorudi bila kuitwa. Siku ya kwanza walirudi wachache. Yule binti hakuwamo.