Mambo 7 ya Kuangalia Kabla Urekebishe Bafu na Jiko la Keja ya Kupanga

Ukiingia TikTok leo hukosi kuona msee amegeuza bafu la bedsita likakaa kama la hoteli. Stika za marumaru ukutani, taa za rangi, shawa inang'aa. Inakaa fiti, lakini kamera haioneshi waya wala paipu, na hizo ndizo humaliza doo yako, ama zikumalize wewe. Kama budget ni ndogo, fuata hii order: stima, maji na gesi kwanza. Urembo ukuje mwisho.

1. Ongea na landlodi, na iwe kwa maandishi

Ukitoboa ukuta, ubadilishe sinki ama uguse waya bila ruhusa, deposit yako inaweza kwenda hivyo. Mtumie landlodi meseji umwambie unataka kufanya nini, na upige picha za vile keja iko kabla uanze. Waya mbovu na paipu inayovuja ni shida ya nyumba, si yako. Muulize kama atatengeneza, ama utengeneze wewe pesa ikatwe kwa rent. Akikubali, aandike ni ngapi. Kile mliongea na caretaker kwa ngazi hakitakusaidia siku ya kuhama.

2. Shawa ya moto: hapa usicheze

Hizi instant shower zimejaa mtaani, na nyingi hula kama wati 5,500. Kwa stima yetu ya volti 240, hiyo ni kama ampea 23. Soketi ya kawaida imetengenezewa ampea 13. Ndiyo maana fundi akiunganisha shawa kwa waya ya soketi, waya inapata moto, plastiki inayeyuka, na hapo moto unaweza kuanza ndani ya ukuta bila wewe kujua.

Kazi safi inakaa hivi: shawa inakuwa na waya yake peke yake kutoka kwa meter box, ya 4mm ama 6mm kulingana na umbali. Inakuwa na breka yake. Swichi yake, ile kubwa ya kuzima laini zote mbili, inakaa nje ya bafu, mahali huwezi kuifikia ukiwa na maji mwilini.

Halafu kuna waya ya earth, ile ya kijani na njano. Kwa hizi shawa, elementi inapasha maji moto ikiwa ndani ya maji yenyewe. Stima ikivuja na hakuna earth, itapitia kwako. Kuna mafundi hukata hiyo waya juu "shawa inafanya tu bila." Inafanya, ni kweli, mpaka siku ile itavuja. Wengine huifunga kwa paipu ya maji, na paipu nyingi za siku hizi ni plastiki, kwa hivyo hiyo earth haiendi popote. Kataa kazi kama hiyo. Ukiweza, ongeza RCD, ile breka inakata stima haraka ikivuja. Iko na kitufe cha test. Kibonyeze mara kwa mara uone kama inakata.

Ukishika mfereji ama shawa usikie umeme unakutekenya, usiseme ni kitu kidogo. Zima main switch, na hakuna mtu anaoga hapo mpaka fundi mwenye leseni ya EPRA aangalie. Muitishe hiyo leseni kabla aguse kitu.

3. Jua maji yako ni ya aina gani

Kama ploti yenu inatumia borehole, maji yanaweza kuwa na chumvi, na chumvi hupitisha stima vizuri zaidi. Pia inakula elementi. Dukani sema unataka shawa ya maji ya chumvi, ile elementi yake imefunikwa. Angalia presha pia: maji yakikuja kidogo, shawa haiwaki. Na kwa sababu ya mgao, tanki inaweza kuisha ukiwa na sabuni usoni. Maji yakikata, zima swichi.

Kwa tokens, dakika 10 za shawa ya wati 5,500 ni karibu unit moja. Mkiwa wawili na kila mtu aoge dakika 10 kila siku, hizo ni kama units 55 kwa mwezi.

4. Tafuta kwenye maji yanavuja kabla ya vigae

Usiweke kigae ama stika juu ya ukuta unaotoa maji. Itabanduka, na ukungu utarudi. Funga mifereji yote, halafu angalia mita: ikiendelea kuzunguka, kuna mahali panavuja. Kama unafanya floor mpya, iinamie upande wa shimo la maji, na uchague vigae vya matt, juu vya kung'aa huteleza vikilowa. Kwa kona, toa silikoni ya zamani yote, kausha, paka mpya, na usioge hapo kwa saa 24.

Ukungu unauoshe kwanza kabla ya rangi. Ukitumia Jik, usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi. Hiyo mchanganyiko hutoa gesi ya klorini, na bafu dogo bila dirisha si mahali pa kuipumua.

5. Jikoni, anza na gesi

Gesi ya kupika ni nzito kuliko hewa, so ikivuja inakaa chini. Mtungi unahitaji mahali hewa inapita hata chini ya mlango, si kabati iliyofungwa. Ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwa regulator na paipu. Ukiona mapovu yanafura, inavuja. Hapo usiwashe wala kuzima stima. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, utoe mtungi nje kama ni salama. Paipu ikianza kupasuka ama kuwa ngumu, badilisha.

6. Kabati na stika

MDF ikinywa maji inafura na hairudi. Chini ya sinki weka marine board, ama shelfu ya chuma kutoka kwa wasee wa Kamukunji. Iko na faida nyingine: unahama nayo. Stika zinasaidia kwa keja ya kupanga, lakini osha mafuta yote ukutani kwanza na usizibandike karibu na moto wa gesi.

7. Lipa fundi pole pole

Nunua vifaa mwenyewe, uweke risiti. Lipa kwa M-Pesa ndio kuwe na rekodi, na ubaki na sehemu ya pesa mpaka ujaribu kila kitu: fungua maji yote, washa shawa, angalia chini ya sinki na kitambaa kikavu. Kitambaa kikilowa, kazi haijaisha.

Kama doo inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, weka kwa earth ya shawa. Stika zitangoja end month ingine.