Nywele Hazina Jina

Niseme ukweli: mara ya kwanza nilipoisoma Blood Meridian ya Cormac McCarthy, niliifunga kabla sijafika katikati. Nilijiambia huyu mzee anatia chumvi. Mimi nimekulia kwenye filamu za kauboi, ambamo mwema hujulikana mapema na mbaya hufa mwishoni. Humu watu wanachinjwa ukurasa baada ya ukurasa, na hakuna mwokozi.

Lakini mimi ni mwandishi wa habari. Nikishuku kitu, nakifuatilia. Kumbe chumvi yenyewe ilikuwa ya historia.

Vita vya Marekani na Meksiko viliisha mwaka 1848 kwa Mkataba wa Guadalupe Hidalgo. Meksiko ikapoteza karibu nusu ya ardhi yake, ikapewa dola milioni 15. Mpaka mpya ukapita katika nchi ya Waapache, na wao hawakuulizwa. Waliendelea kuvamia vijiji na mashamba ya kaskazini mwa Meksiko. Mwaka 1849 jimbo la Chihuahua likapitisha sheria ya kulipa fedha kwa kila Mwapache aliyeuawa. Ushahidi? Ngozi ya kichwa pamoja na nywele zake. Kazi hiyo ikawavuta Wamarekani waliozoea bunduki, akiwemo John Joel Glanton, ambaye McCarthy amemwingiza kwenye riwaya hiyo ya 1985 kwa jina lake halisi.

Sasa fikiria karani anayepokea mzigo. Nywele nyeusi hazina jina. Atajuaje kama ni za mpiganaji, za mama mmoja kijijini, au za mkulima wa Kimeksiko, raia wa jimbo lilelile linalolipa? Genge la Glanton lilijua hawezi kujua, likaua hata watu lililoajiriwa kuwalinda. Chihuahua ikaligeukia na kulisaka. Mwaka 1850 genge likawa kwenye Mto Colorado, limeteka kivuko na kupora wasafiri, hadi Waquechan walipolivamia na kumuua Glanton na wenzake wengi.

Niliporudi kwenye riwaya nikiwa na haya kichwani, ilisomeka tofauti. Kijana tunayemfuata hapewi jina, na mwandishi haingii sana moyoni mwake. Mwanzo niliona ni ukavu tu. Safari hii niliona kwamba tunahesabiwa watu kama karani alivyowahesabu.

Ila nina ugomvi na McCarthy, na bado sijaumaliza. Waapache na Waquechan humo mara nyingi tunawaona kwa mbali, wakija na vumbi au wakilala chini wamekufa. Ni nadra kuwasikia wakizungumza nyumbani kwao. Riwaya inayofichua biashara ya vichwa visivyo na majina nayo imeviacha vingi bila majina.

Hata hivyo isome. Ikikushinda, ifunge, tafuta habari za Chihuahua ya 1849, kisha uirudie.