Kanda ya Tatu

Kabla mkoloni hajafika, mafundi wa Ufipa walikuwa wakiyeyusha chuma. Tanuri lao, lililoitwa ilungu, lilimzidi mtu kimo, na moto wake ulivuta hewa wenyewe bila mivukuto. Walijua kazi, bwana!

Kisha ikaja kodi. Kuanzia 1897 Wajerumani walitoza kila nyumba, na pesa haikuota shambani. Hivyo nyumba ikamfukuza mwenyewe: vijana wakaenda Lupa kwenye dhahabu, wengine Tanga kwenye mkonge wakawa manamba, wakalala makambini. Fundi wa chuma akawa kibarua.

Aliyefika Dar es Salaam alikuta mji umeshakatwa vipande. Katika miaka ya 1920 Waingereza waliugawa kanda tatu. Sheria ilikuwa na ujanja wake: ilitaja aina ya nyumba, si rangi ya mtu. Kanda ya kwanza, nyumba za Kizungu. Ya pili, maduka na nyumba imara. Ya tatu, Kariakoo, udongo na makuti ruksa. Lakini mshahara wa kuli ungenunua saruji gani? Watu wakasema wazi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Katikati ukaachwa uwanja, Mnazi Mmoja, eti kwa ajili ya afya.

Kariakoo kuli alipanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita. Makuli wa bandari waligoma 1939, 1943 na tena 1947. Mshahara haukutosha chakula, sembuse kodi ya chumba.

Uhuru ukaja 1961. Mwaka uliofuata likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa, likabomoa vibanda na kujenga kota. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Hatua kubwa! Lakini Mzungu alipotoka Oysterbay, nani aliingia? Kigogo. Kanda zikabadili jina tu: viwanja vya msongamano mdogo, wa kati na mkubwa.

Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa tangu 1974, si mji wa viwanda, ila rula ni ile ile. Hapa mlalahoi anachoma tofali zake mwenyewe na kusimamisha ukuta wa maana. Lakini kama kiwanja hakijapimwa, bomba na barabara atavingoja sana.

Kumbe, ndugu msomaji, tatizo halikuwa udongo.